Nyota moja kwa wakili wangu wa fidia, na nusu yake ni ya karani

Nimetoa nyota moja kati ya tano. Mke wangu aliponiona naandika aliuliza hata hiyo moja ni ya kazi gani. Nikamwambia nusu ni ya karatasi moja waliyoiandika vizuri, na nusu ni ya yule dada aliyekuwa akikaa mapokezi. Jina la ofisi silitaji. Wakili wangu wa pili amenishauri nisilitaje, na mke wangu naye vivyo hivyo, na hao wawili sijawahi kuwasikia wakikubaliana juu ya jambo jingine lolote. Ila ni ofisi ya hapa Mombasa, ghorofa ya pili, chini yake wanauza vitambaa, na kama umewahi kuumia kazini pande za Changamwe huenda ulishapewa kadi yao.

Mimi ya kwangu nilipewa wodini.

Niliumia usiku wa Jumamosi, tarehe 11 Machi 2017. Nilikuwa kibarua kwenye kiwanda cha plastiki, shifti ya usiku, shilingi 500 kwa siku. Tulikuwa tunatoa mabeseni. Mashine ya moldi ina mlango wa chuma kwa mbele, na mlango huo ukifunguliwa mashine yapaswa kusimama yenyewe. Wa kwetu ulikuwa umekazwa kwa waya ili mashine isisimame, kwa sababu kila ikisimama unapoteza sekunde kadhaa, na supavaiza alikuwa anahesabu mabeseni. Beseni moja likakwama. Nikatia mkono kulivuta, kama nilivyofanya pengine mara mia mbili kabla ya usiku ule, na moldi ikajifunga. Mwanzo sikusikia maumivu, nilisikia joto. Kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia, vyote viwili sasa vinaishia kwenye pingili ya pili.

Wakanikimbiza hospitali ya Makadara kwa gari la kubebea mizigo. Madaktari wa pale walifanya kazi yao na nawashukuru. Kiwandani waliniletea shilingi 5,000 na pole, wakaniambia nipumzike hadi nitakapoitwa. Hadi leo sijaitwa.

Siku ya tatu akaja kijana mmoja, shati limenyooka pasi, kalamu mbili mfukoni. Hakuwa daktari, wala hakuwa na mgonjwa wake pale. Akapita kitanda hadi kitanda akiangalia bandeji. Akafika kwangu. "Kaka, ni mashine?" Nikasema ni mashine. "Pole sana. Hiyo ni pesa yako, usiwaachie." Akatoa kadi. Nikamuuliza habari ya ofisi ya leba, maana mzee wa kitanda cha jirani alikuwa ameshaniambia nikitoka tu niende huko kwanza, nikajaze fomu za fidia, za WIBA. Kijana akacheka. "Leba utazeeka ukingoja. Sisi tunakwenda kortini moja kwa moja."

Hakudanganya moja kwa moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Sheria ya fidia kwa walioumia kazini, hiyo WIBA, ni ya mwaka 2007 na ilianza kutumika Juni 2008. Inasema mwajiri apewe taarifa, mwajiri naye ampelekee taarifa mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya siku saba, na madai yawasilishwe ndani ya miezi 12. Daktari anatoa asilimia ya ulemavu, na hesabu inafanywa kwa mshahara wa miezi 96. Hutakiwi kuonyesha ni nani alikosea, na hulazimiki kuwa na wakili. Lakini Machi 2009 Mahakama Kuu ilikuwa imevifuta vifungu kadhaa vya sheria hiyo, kikiwemo kile kinachomzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri wake kwa uzembe. Kwa hiyo mwaka 2017, nilipokuwa nimelala pale, mlango wa korti ulikuwa wazi, na watu wengi waliupitia wakalipwa. Ukaanza kufungwa Novemba mwaka huohuo kwa hukumu ya Mahakama ya Rufaa, na Mahakama ya Juu ikapiga kufuli tarehe 3 Desemba 2019.

Haya yote mimi nimeyajua baadaye, bure na kwa kuchelewa. Wodini nilijua kitu kimoja tu, kwamba kijana ana kalamu mbili na mimi siwezi kushika hata moja.

Kwenye makubaliano nilitia dole gumba la kushoto. Ofisi ingechukua asilimia 30 ya kitakachopatikana, na kisipopatikana kitu sidaiwi. Kumbe makubaliano ya namna hiyo, ya malipo kutegemea ushindi, sheria ya mawakili ya Kenya haiyatambui kabisa. Pia nililipa shilingi 7,000 za kufungulia kesi na za daktari wa ripoti. Risiti ninayo.

Sasa tuje kwenye huduma yenyewe.

Mapokezi yao mazuri. Feni inafanya kazi, viti vya ngozi bandia, na pembeni kuna tangi la samaki lenye samaki mmoja mwekundu. Mara ya kwanza nilikaa dakika arobaini nikimtazama. Wakili alinipokea vizuri, akanisikiliza, akataka kuuona mkono, akaugeuza chini juu kama mtu anayenunua papai. Akasema, "Hii kesi ni nyepesi, mzee." Nilikuwa na miaka thelathini na moja.

Oktoba 2017 wakafungua kesi mahakama ya hakimu. Hati ya madai niliisoma mwenyewe nyumbani mara tatu. Ilieleza mlango wa mashine, ikaeleza waya, ikaeleza hesabu ya mabeseni, hadi nikajiuliza kama mwandishi alikuwepo usiku ule. Wakili wangu wa pili ameipitia pia akasema haina dosari. Hiyo ndiyo nusu nyota ya kwanza, na naitoa kwa moyo mkunjufu. Kama kazi ya uwakili ingeishia kwenye kufungua kesi, ningewapa nyota tano na kilo ya viazi.

Mwaka 2018 mambo yalisogea. Mawakili wa bima ya kiwanda walijibu, nikapelekwa kwa daktari wao naye auone mkono. Daktari wetu alikuwa ametoa asilimia 12, wa kwao akatoa 8. Tarehe 19 Julai 2018 kesi ilitajwa mbele ya hakimu, pande zote mbili zikasema ziko tayari, hakimu akaagiza tarehe ya kusikilizwa ichukuliwe masjala. Nilikuwepo mahakamani siku hiyo, nimevaa kanzu ya Ijumaa ingawa ilikuwa Alhamisi. Wakili kijana aliyesimama badala ya wakili wangu akanigeukia: "Tutakuita."

Kuchukua tarehe masjala maana yake ni mtu kutoka ofisi ya vitambaa, kutembea hadi kortini kule karibu na Treasury Square, na kuandikisha siku. Ni mwendo wa dakika kumi kwa mguu, kumi na tano jua likiwa kali. Mtu huyo hakutembea Julai, wala Agosti, wala mwaka uliofuata.

Mimi nilitembea. Baada ya kuumia nilianza kuuza viazi karai Magongo, na mambo yangu yote nayaandika kwenye daftari la viazi: mafuta, unga wa dengu, ndimu, mkaa, nauli. Kila nilipokwenda kwa wakili niliandika, kwa sababu ni nauli na nauli ni gharama ya biashara. Nikifungua daftari hilo sasa nakuta safari ishirini na tatu. Kwa mfano:

"Februari 26, 2019. Mjini kwa loya. Nauli 100. Yuko kortini."

"Mei 14. Mjini kwa loya. 100. Faili liko kwa loya, loya hayuko."

"Septemba 3. Mjini kwa loya. 120. Tunangoja tarehe."

"Januari 21, 2020. Mjini kwa loya. 100. Nimemuona kwenye ngazi. Kasema ni wiki mbili."

Yule dada wa mapokezi ndiye aliyekuwa akinipa majibu hayo, na alikuwa anayatoa huku ameinamisha macho. Kwa simu ilikuwa hivyo hivyo. Nikipiga, anapokea, anasema, "Ngoja kidogo kaka," anafunika simu kwa kiganja, nasikia mtu anasema kitu kwa mbali, kisha anarudi: "Ametoka." Tangi la samaki likawa halina samaki. Ile pampu ya kutoa mapovu waliiacha ikiendelea.

Machi 2020 ikaja Korona, korti zikapunguza shughuli, na ofisi ikapata jibu la mwaka mzima. Hilo silipingi, maradhi yalikuwa ya kweli na korti kweli zilipunguza kazi. Ila kati ya Julai 2018 na Machi 2020 kuna miezi ishirini, na miezi hiyo haikuwa na barakoa. Tena tarehe 11 Machi 2020, siku chache tu kabla ya matangazo ya kufungwa, nilikuwa nimetimiza miaka mitatu tangu ajali, na miaka mitatu ndiyo muda wa kumshtaki mtu kwa uzembe. Yaani tangu siku hiyo kesi yangu ilikuwa kama mtungi mmoja wa maji safarini. Ukivunjika, hakuna kurudi kuteka mwingine. Ofisini hakuna aliyenieleza hivyo. Wanasema subira huvuta heri, na mimi nikasubiri.

Novemba 2021 nilikwenda mara ya ishirini na tatu. Wakili hayuko. Nikashukuru, nikageuka kutoka. Nilipofika kwenye ngazi nikasikia viatu nyuma yangu. Ni yule dada wa mapokezi. Akanipa risiti ya lile duka la vitambaa, nyuma yake kaandika namba. "Kaka, hiyo ndiyo namba ya kesi yako. Nenda masjala mwenyewe, leo. Usiseme ni mimi."

Miaka minne na sikuwa na namba ya kesi yangu mwenyewe. Nilikuwa najua namba ya simu ya wakili kwa moyo, najua namba ya matatu, lakini namba ya kesi haikunipitia akilini kuiulizia, kwani hata sikujua kama mtu wa kawaida anaruhusiwa kuwa nayo.

Masjala niliwapa ile risiti. Mama mmoja wa makamo, miwani kwenye kamba, akaenda kwenye rafu akakaa huko muda, akarudi na faili jembamba. Akalifungua upande wa nyuma kwanza. Akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, hii ilifutwa Machi."

"Machi ipi, mama?"

"Ya mwaka huu. Tarehe 24. Kwa kutofuatiliwa."

"Mama, mimi nimeifuatilia miaka minne."

"Umeifuatilia wapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama vile mtu anavyokuuliza umeteremkia kituo gani, akuelekeze. Na sikuwa na jibu, kwa sababu jibu ni kwamba nimeifuatilia kwenye kiti cha ngozi bandia mbele ya tangi la samaki.

Akaniwekea kidole kwenye mstari. Pande zote hazikufika. Hakuna sababu iliyotolewa. Kesi inafutwa. Mistari mitatu na sahihi.

Kwa wasiojua, na mimi nilikuwa mmoja wenu: kuna Oda ya 17 ya kanuni za kesi za madai za 2010. Kesi ikikaa mwaka mzima bila yeyote kuchukua hatua, mahakama inaweza kutoa notisi kwa pande zote zije zieleze kwa nini isifutwe. Mwaka 2020 kanuni ikakazwa zaidi, kesi ikilala miaka miwili inahesabiwa imefutwa. Si ukatili. Rafu za masjala nimeziona kwa macho yangu, zimejaa hadi dari, na kiwanda nacho kina haki ya kutokaa na kesi kichwani maisha yake yote. Ila notisi hiyo haiji Magongo kwenye karai la viazi. Inakwenda kwa wakili wako, na ikishamfikia yeye, kisheria imekufikia wewe.

Nikarudi ghorofa ya pili siku hiyohiyo, na safari hii sikukaa kitini. Wakili alikuwepo. Alinisikiliza, akafuta miwani yake, akasema, "Mzee, makosa ya kiofisi hutokea. Tutaomba irejeshwe. Lete elfu ishirini."

Nikamwambia nataka faili langu.

Kulipata kulichukua wiki tano. Mara kuna deni la kunakili, mara ufunguo wa kabati uko na mtu aliyesafiri. Mwishowe nikapewa bahasha ya kaki, nikalipia shilingi 1,500 za "kufungasha". Nilifungulia palepale chini, mbele ya duka la vitambaa. Kurasa 41 na picha mbili za eksirei. Ukurasa wa mwisho kabisa ulikuwa notisi ya mahakama. Juu yake kuna muhuri wa ofisi, IMEPOKELEWA, 9 Februari 2021, na herufi mbili za mpokeaji kwa kalamu ya buluu. Wiki sita na siku moja kabla ya tarehe ya kufutwa. Chini ya muhuri kuna duara la hudhurungi, la kitako cha kikombe. Si duara moja, ni matatu, yamepandana.

Zile herufi mbili ni za yule dada. Nilimpigia simu jioni. Alinyamaza, halafu akasema, "Niliiweka mezani kwake siku ileile, kaka. Nikawa naiona pale kila nikipeleka chai." Mke wangu anasema kwa hilo hastahili hata robo nyota, angenipigia simu Februari. Huenda. Lakini mke wangu hajawahi kuajiriwa na mtu kama yule kwa mshahara kama ule, na miaka minne, katika ofisi nzima, ni yeye tu aliyenifuata kwenye ngazi. Nusu nyota yake inabaki.

Wakili wa pili nilielekezwa na mteja wangu wa viazi. Ni mama mmoja asiye na tangi la samaki. Alinitajia ada yake kwa maandishi siku ya kwanza, akanipa namba ya kesi kabla sijaiomba, na kila baada ya korti ananitumia ujumbe wa WhatsApp, hata ukiwa wa maneno mawili: "Tumeahirishwa." Huyo nampa nyota tano na nitaeleza siku nyingine. Alinionya tangu mwanzo kwamba hali ni ngumu. Kuna kesi ya mwaka 1984, Ivita na Kyumbu, ambayo mahakama za Kenya huirudia kila linapokuja suala hili: ucheleweshaji ni mrefu? una udhuru? na je, haki bado inaweza kutendeka kwa pande zote licha ya ucheleweshaji huo? Pia kuna msemo wa mahakama kwamba kosa la wakili asibebeshwe mteja. Na kuna msemo mwingine, wa mahakama hizohizo, kwamba kesi ni ya mwenyewe. Inategemea siku hiyo umekutana na upi.

Tukawasilisha ombi la kurejesha kesi Januari 2022. Kiapo changu kilikuwa na kurasa tisa. Yule mama alifurahi sana alipoona daftari la viazi. Alisema wateja wengi huapa walikwenda kwa wakili "mara kwa mara", na hakuna mwenye tarehe, sembuse nauli. Tukaambatanisha kurasa zote ishirini na tatu, na madoa ya mafuta yake.

Uamuzi ulitoka Juni. Hakimu alisoma polepole, kwa heshima, na nakiri alikuwa amesoma kila kitu. Alikubali kwamba notisi ilifichwa. Alikubali kwamba wakili alizembea. Kisha akafika kwenye daftari. Akasema daftari hili linaonyesha mdai alijua, angalau tangu Februari 2019, kwamba kesi yake haisogei. Alikuwa na nauli ya kufika mjini mara ishirini na tatu. Jengo la mahakama liko dakika chache kutoka pale alipokuwa akishukia. Hakuingia hata mara moja. Na upande wa pili, supavaiza ambaye angekuwa shahidi ameshaondoka kiwandani, mashine yenyewe imeuzwa. Ombi likatupwa, kila upande ubebe gharama zake.

Nilikaa kwenye benchi nimelishika lile daftari. Mama wakili akanigusa bega, hakusema kitu. Nililipeleka kama ushahidi kwamba sikulala, nalo likasimama upande wa pili likatoa ushahidi dhidi yangu. Na siwezi kusema hakimu alilisoma vibaya. Tarehe ni zangu, mwandiko ni wangu, wa mkono wa kushoto.

Rufaa tuliizungumza tukaiacha, pesa. Malalamiko nimepeleka kwa kamisheni ya malalamiko dhidi ya mawakili, ile iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu. Hiyo haitozi kitu, unaandika tu na kuambatanisha nakala. Wakili akajibu kwa barua kwamba "mteja hakupatikana kutoa maelekezo". Namba yangu ya simu sijaibadilisha tangu 2009. Nimewajibu kwa nakala ya daftari. Angalau huko linanisaidia.

Kitu kingine kinachonikera, nikiwa nakata viazi mawazo huenda huko. Mwaka 2023 Jaji Mkuu alitoa mwongozo kwamba kesi za namna yetu, zilizofunguliwa baada ya sheria kuanza na kabla ya hukumu ya Desemba 2019, ziendelee kwenye korti zilikofunguliwa hadi mwisho. Yangu ingekuwa humo, ingekuwa hai. Na hesabu ya yule mzee wa kitanda cha jirani niliifanya pia, nyuma ya daftari: shilingi 500 mara siku 26 ni 13,000 kwa mwezi. Mara miezi 96 ni 1,248,000. Asilimia 12 yake ni shilingi 149,760. Bila broka, bila asilimia 30, bila feni. Kwa fomu ambayo mwajiri anajaza sehemu yake na daktari ya kwake. Yule mzee alikuwa kuli wa bandarini, alishalipwa kwa njia hiyo mguu wake wa kwanza, na alikuwa pale kwa ajili ya wa pili. Nilimuona hajui kitu kwa sababu hakuwa na kalamu.

Kama bado unataka ofisi ya aina hii, basi siku ya kwanza omba namba ya kesi, uiandike mahali ambapo hata mwizi wa simu haifikii. Masjala utaruhusiwa kuuliza, na siku hizi kesi nyingi zinaonekana kwenye mfumo wa mtandaoni wa mahakama, kijana wa saiba atakutafutia kwa bei ya andazi. Leseni ya wakili nayo unaweza kuiangalia kwenye tovuti ya chama chao. Na ukiambiwa "tarehe itachukuliwa masjala", uliza jina la atakayekwenda kuichukua. Uliza na siku atakayokwenda. Utaonekana msumbufu. Mimi sikutaka kuonekana msumbufu, nilikuwa nakaa kitini na kushukuru.

Mimi nauza viazi karai. Mtu akiagiza vya ishirini na vikaungua, namkaangia vingine, simwambii makosa ya kikaango hutokea, lete hamsini. Kwa kipimo hicho ndicho nimewapima, na sidhani nimewaonea.

Mapokezi: mazuri. Maandishi: mazuri sana. Simu: inapokelewa. Ufuatiliaji: soma tena hapo juu. Sitarudi, na mtu nimpendaye simwelekezi.

Nyongeza, baada ya kuandika hayo. Jana yule dada amepita Magongo, kanunua viazi vya mia na pilipili nyingi. Ameacha kazi kule, sasa yuko kwenye lile duka la vitambaa chini, anapima mita. Nilikataa hela yake, akaiacha juu ya ndoo. Kwa hiyo nyota ya ofisi isomeke nusu. Ile nusu nyingine ameteremka nayo ngazi.